Agosti 1914 katika Bandari ya Liuli

Wale wanaojishughulisha na kupanga tarehe za ulimwengu, mwezi kwa mwezi na siku kwa siku, wakiufikia mwezi wa Agosti wa mwaka 1914 hawakosi la kuandika, kwani ndio mwezi ambao dola kubwa za Ulaya, zilizokuwa zimefungamana kwa ahadi na kwa hofu, ziliingia vitani moja baada ya moja: Ujerumani ikaitangazia vita Urusi tarehe 1, ikaitangazia Ufaransa tarehe 3, na Uingereza nayo ikaingia tarehe 4 kwa sababu ya Ubelgiji iliyovamiwa. Humo humo wataandika kwamba tarehe 15 Mfereji wa Panama ulifunguliwa kwa merikebu zote, na kwamba tarehe 20 Papa Pius wa Kumi alifariki mjini Roma, siku ile ile ambayo majeshi ya Wadachi, yaani Wajerumani, yaliingia Brussels. Na katika fungu la wazaliwa watamtaja Tove Jansson, mwandishi na mchoraji aliyezaliwa Helsinki tarehe 9, kisha watamtaja Julio Cortázar wa Ajentina, ambaye mama yake alimzaa Brussels tarehe 26, mji ukiwa umekwisha kuangukia mikononi mwa maadui.

Bandari ya Liuli, ikibahatika kuonekana katika orodha hizo, haipati zaidi ya mstari mmoja, na mstari wenyewe aghalabu huandikwa kwa tabasamu, kama mtu anayesimulia kichekesho baada ya chakula cha usiku. Nia yangu hapa ni kuukunjua mstari huo na kutazama yaliyofungwa ndani yake.

Liuli iko ufukoni mwa mashariki wa Ziwa Nyasa, kusini ya Lituhi na kaskazini ya Mbamba Bay, katika nchi iliyokuwa kwa miaka mingi sehemu ya wilaya ya Mbinga na ambayo sasa ni wilaya ya Nyasa. Mbele ya bandari umesimama mwamba mkubwa ndani ya maji, ambao wenyeji wana jina lao wenyewe la kuuita, nalo ni Pomonda. Walakini Wadachi walipofika waliona katika majabali ya pale sura ya yule mnyama wa mawe mwenye kichwa cha binadamu alalaye kando ya mapiramidi ya Misri, ambaye Waarabu humwita Abulhauli, yaani baba wa kitisho, nao wakaibatiza bandari yote kwa jina la Sphinxhafen. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile: Manda, iliyo kaskazini zaidi kwenye mlango wa mto Ruhuhu, nayo iliitwa Wiedhafen katika ramani zao, na mtu aliyekuwa akivua usipa pale tangu utotoni hakuwa na habari kwamba anavua katika mahali penye jina hilo.

Watu wa ufuko ule walikuwa, na wangali, Wanyasa na Wampoto na Wamanda, watu wa mitumbwi na nyavu na mashamba ya mihogo. Na juu yao, kwenye milima inayopanda ghafula kuelekea Mbinga, wanakaa Wamatengo, ambao katika karne ya kumi na tisa, walipokuwa wakisongwa na mashambulizi ya Wangoni, walikimbilia miinukoni na kujifunza kulima ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kwa safu juu ya miteremko, yanayozuia maji ya mvua yasiuchukue udongo. Kati ya ziwa na mlima kulikuwa na njia za miguu ambazo samaki wakavu walipanda nazo na maharage yakateremka nazo, na njia hizo zilikuwa na umri mkubwa kuliko dola yoyote iliyopata kudai kodi huko.

Nchi yote hiyo ilihukumiwa kutoka boma la Songea. Na Songea ya mwaka 1914 haikuwa imesahau: ilikuwa ni mwaka wa nane tu tangu siku ile ya tarehe 27 Februari 1906, ambapo Wadachi, baada ya kuvunja nguvu za Majimaji, waliwanyonga Nduna na wakubwa wa Kingoni kwa wingi, kisha wakayachoma maghala na mashamba hata njaa ikawamaliza waliosalimika na bunduki. Kwa hiyo neno vita, katika masikio ya watu wa upande ule, halikuwa neno la magazeti. Mtu mzima yeyote wa wakati huo alikuwa na maiti wake wa kumkumbuka.

Turudi ziwani, kwa kuwa hapo ndipo kisa chetu kilipo. Katika maji yale zilielea merikebu mbili za serikali, na kuzaliwa kwa kila moja kwastahili kuandikwa kama kunavyoandikwa kuzaliwa kwa watu mashuhuri. Ya kwanza ni Hermann von Wissmann, iliyopewa jina la yule meja aliyewapiga watu wa pwani katika vita vya Bushiri na ambaye baadaye alikuwa gavana. Ilijengwa kwa michango ya watu wa Ujerumani waliohimizwa kutoa mali zao ili biashara ya watumwa ikomeshwe katika maziwa ya Afrika. Ikapelekwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa Mpimbi, na mwaka 1893 ikaingia katika maji ya Nyasa. Ya pili ni ya Kiingereza. Waingereza nao walikuwa wameleta mashua zao za mizinga katika mwaka huo huo wa 1893, Adventure na Pioneer, kwa sababu hiyo hiyo ya watumwa, kisha mwaka 1899 wakashusha ziwani merikebu iliyozidi zote kwa ukubwa, tani zipatazo 350, wakaiita Gwendolen kwa jina la binti wa Lord Salisbury, waziri mkuu wao. Makao yake yalikuwa Fort Johnston, kusini kabisa, mahali ambapo leo huitwa Mangochi.

Basi hizi zilikuwa merikebu mbili zilizozaliwa kwa nia moja, au angalau kwa tangazo moja: kuwaokoa watu wa ziwani wasichukuliwe kwa nguvu kubebeshwa mizigo na kupelekwa wasikokutaka. Namwomba msomaji aliweke neno hilo akilini mpaka tutakapofika mbele.

Nahodha wa Gwendolen, Commander Rhoades, alikuwa mtu wa ziwa hasa. Alikuwa ameshiriki katika kupima vina vyake na kuchora ramani yake, naye alizijua pepo zake, hasa ule upepo wa mwera, ambao katika miezi ya baridi huvuma kutoka kusini na kuyainua maji mpaka wavuvi wakaivuta mitumbwi mchangani na kungoja. Nahodha wa Wissmann, aliyeitwa Berndt, alikuwa sahibu yake. Watu wawili wa Ulaya, kila mmoja na merikebu yake, katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 ambamo hapakuwa na wengi wa kuzungumza nao habari za mashine na kuni, haikuwa ajabu wakitafutana. Nao kila walipokutana bandarini walikunywa pamoja, na yasemekana hawakunywa kidogo.

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa imejitayarisha kwa sherehe. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi wa Februari, na serikali ya gavana Heinrich Schnee iliazimia kuionyesha dunia fahari hiyo kwa maonyesho makubwa yaliyopangwa kufanywa mwezi huo huo wa Agosti, ambayo baadhi ya wageni wake walikuwa wamekwisha kuwasili. Badala ya maonyesho ikaja taharuki. Manowari Königsberg ilikuwa imekwisha kuondoka bandarini tarehe 31 Julai, na tarehe 6 Agosti ikaikamata City of Winchester, merikebu ya Kiingereza iliyosheheni chai; tarehe 8 manowari ya Kiingereza Astraea ikatokea mbele ya mji na kuupiga kwa mizinga mnara wa simu ya upepo; Wadachi wenyewe wakalizamisha gudi lao la kuelea katika mlango wa bandari ili adui asiingie; na tarehe 15 askari wao wakavuka mpaka na kuitwaa Taveta. Schnee alikuwa akitumaini kwamba Mkataba wa Berlin wa 1885, ulioruhusu nchi za bonde la Kongo ziepushwe na vita vya Ulaya, ungeinusuru himaya yake, ilhali Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi aliyefika nchini mwezi Januari, hakutaka kusikia maneno hayo.

Na yote haya yalitukia katika mwezi wa Ramadhani. Mwezi ulikuwa umeandama katika siku za mwisho za Julai, mwaka wa 1332 wa Hijra, kwa hiyo mizinga ya Astraea ililia mchana wa watu waliofunga, na Idi ilipokuja katika juma la nne la Agosti iliwakuta watu wa mwambao wakiulizana kama majahazi ya kwenda Unguja yatavuka au hayatavuka. Hata kule Nyasa walikuwapo waliofunga, Wayao na wafanyabiashara wenye asili ya pwani, masalio ya ile njia ndefu iliyoungana na Kilwa. Naam, lugha ya Kiswahili yenyewe ilifika kule kwa miguu ya misafara hiyo, kisha ikaongezewa nguvu na maakida wa serikali, na pia na walimu wa misheni ya Kiingereza ya UMCA waliosomeshwa Kiungani, Unguja, kama Padri Augustine Ambali, aliyekuwa mtumwa katika utoto wake na akafia katika utumishi wa kanisa la ziwani. Gazeti la Kiongozi, lililokuwa likichapwa Tanga, lilikuwa na wasomaji bara; lakini gazeti la kila mwezi halishindani na mzinga kwa mwendo.

Habari ndizo zilizoamua yaliyotokea. Upande wa Waingereza kulikuwa na waya wa simu, na gavana wa Nyasaland, Sir George Smith, alipata neno la vita mapema akiwa Zomba, akamwamuru Rhoades aende akaiharibu Wissmann popote atakapoiona. Upande wa Liuli neno hilo halikuwa limefika. Bwana Berndt alikuwa ameipandisha merikebu yake gudini ili itengenezwe, akiwa mustarehe, hajui kwamba kwa muda wa siku tisa amekuwa adui wa sahibu yake.

Alhamisi tarehe 13 Agosti Gwendolen ikaingia katika ghuba ya Liuli na kuanza kupiga. Ilikuwa na mzinga mdogo ambao haukuwa umezoea kazi, na baruti yake ilikuwa ya siku nyingi, hata makombora ya mwanzo yakapita kando ama yasipasuke. Hatimaye moja likaipata Wissmann palipostahili. Ndipo mashua ndogo ikatoka pwani, na ndani yake yumo nahodha wa Kidachi, ameghadhibika kupita kiasi, akipiga makelele kuelekea kwa rafiki yake. Na kila anayesimulia kisa hiki husema kwamba swali lake lilikuwa ni kama Rhoades amelewa. Akaelezwa kwamba vita vimetangazwa, na kwamba yeye tangu sasa ni mateka. Merikebu ikaachwa pale pale, haina uwezo wa kusafiri, na huko London vita hivyo vya muda mfupi vikahesabiwa kuwa ushindi wa kwanza wa majini wa Uingereza katika vita vyote.

Nakiri kwamba kisa hiki kinachekesha, na anayekisoma kwa mara ya kwanza bila kucheka moyo wake umekauka. Lakini chatazamwa daima kutoka juu ya sitaha. Hakuna aliyekiandika kutoka mchangani, mahali ambapo walisimama watu wa Liuli, ambao walizijua merikebu zote mbili kwa sauti za honi zake, waliwauzia mabwana wote wawili kuku na kuni, na waliokuwa wamewaona wakiketi meza moja. Wala wengi wa mabaharia waliokuwa ndani ya Gwendolen siku ile, wenye kutia kuni na kushika usukani, hawakuwa Waingereza. Walikuwa watu wa ziwa lile lile, wanaosikilizana lugha na watu wa ufukoni. Mpaka uliowatenga ulikuwa umepigwa Berlin tarehe 1 Julai 1890, katika mkataba ambao kwa mujibu wake nchi ya Wadachi ilikomea kwenye ukingo wa maji ya mashariki na kaskazini ya ziwa. Mstari huo huo ambao leo Malawi na Tanzania bado wanabishana juu yake, mmoja akiushika ukingo, mwingine akisema mpaka wapita katikati ya maji. Waliouchora hawakumwuliza mvuvi anasimama wapi anapotupa wavu.

Matokeo ya tarehe 13 hayakuchelewa. Maadamu Wissmann ilikuwa imelemaa, ziwa lote likawa njia ya Waingereza, nao wakapakia askari na vifaa na kuvipeleka kaskazini bila kuzuiwa; na tarehe 9 Septemba, Wadachi waliposhuka kutoka upande wa Neu Langenburg kuishambulia Karonga, walirudishwa kwa hasara. Wadachi hawakukata tamaa na merikebu yao, wakaendelea kuitengeneza kwa siri gudini, hata ikabidi Waingereza warudi tena Liuli tarehe 30 Mei 1915, safari hii wakiwa chini ya Dennistoun na wakiwa na askari wa nchi kavu, wakawafukuza walinzi na kuiharibu upya. Hiyo ya pili haikuwa na kichekesho chochote, na labda ndiyo sababu haisimuliwi.

Kisha vita vikapanda mlimani. Mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza chini ya Northey yalivuka kutoka Nyasaland, na mwezi wa Septemba yakaitwaa Songea, na mizigo yao ilipita ziwani na kushushwa Manda. Kutoka mchangani kwenda juu hapakuwa na reli wala gari, wala mnyama wa mizigo aliyestahimili ndorobo. Palikuwa na vichwa na mabega ya watu. Wapagazi hao upande wa Nyasa waliitwa tengatenga, kama wenzao wa upande wa Dar es Salaam walivyoacha jina lao katika mtaa wa Kariakoo. Walichukuliwa na Waingereza, na walichukuliwa na Wadachi. Waliandikwa kwa ujira na waliandikwa kwa kamba. Walibeba unga ambao hawakuruhusiwa kuula, risasi wasizoruhusiwa kuzipiga, na wagonjwa wasiofahamu lugha zao. Na waliokufa katika mashariki yote ya Afrika, wengi zaidi kwa kuhara na homa na njaa kuliko kwa risasi, ni makumi ya maelfu. Hapo msomaji na alikumbuke lile neno nililomwomba aliweke, juu ya nia waliyotangaza waliozijenga zile merikebu mbili.

Wakulima wa ngoro waliona maharage yao yakichukuliwa na jeshi hili, na mwezi uliofuata na jeshi lile. Misheni ziligeuka magofu ya watu: Waingereza wa UMCA waliokuwa katika himaya ya Wadachi walitiwa kizuizini mwanzoni mwa vita, kisha, upepo ulipogeuka, ikawa zamu ya Wabenediktini wa Kijerumani wa Peramiho na Kigonsera kuondolewa, na ibada na shule zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, ambao kwa miaka kadhaa waliendesha kila kitu pasipo mshahara wa uhakika. Mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amekimbilia Msumbiji, akavuka tena mto Ruvuma na kupita karibu na Songea akielekea Njombe, na nyuma yake ukafuata ule ugonjwa wa mafua ulioua watu dunia nzima mwaka huo.

Mwanzoni nilitaja wazaliwa, nami siwezi kulikwepa hilo kwa upande wa Liuli. Katika mwezi wa Agosti 1914 walizaliwa watoto Liuli, na Lituhi, na Mbamba Bay, na juu Litembo na Mbinga, kama wanavyozaliwa kila mwezi. Lakini hapakuwa na daftari la serikali la kuwaandikia, na wale tu waliobatizwa waliingia katika vitabu vya kanisa, tena kwa tarehe ya ubatizo. Wengine walipokua na kuulizwa umri wao na karani wa kodi, walijibu kama wenzao wote wa nchi hii walivyojibu: nilizaliwa wakati wa vita vya Mjerumani, au nilikuwa nikinyonya walipokuja Waingereza, au, kwa wakubwa wao, nilikuwa nachunga mbuzi wakati wa Majimaji. Karani alitazama uso, akakisia, akaandika mwaka aupendao. Cortázar wa Brussels ana siku yake ya kuzaliwa kamili, iliyoandikwa katika mji uliokaliwa na adui; mzaliwa wa Liuli wa mwezi huo huo ana vita tu.

Miaka kumi na minne ilipita. Kizazi cha watoto hao kilikuwa kimeanza kusaidia nyavuni wakati ulipofika mwezi mwingine wa Agosti, wa mwaka 1928, ambapo katika kijiji cha ufukoni karibu na Mbamba Bay alizaliwa Oscar Kambona, mtoto wa David Kambona aliyekuwa kasisi wa Kianglikana. Yule Oscar ambaye baadaye alikuwa katibu mkuu wa TANU, waziri wa mambo ya nchi za nje, mtu aliyekwenda kuzungumza na askari walioasi Januari 1964, na ambaye mwaka 1967 aliikimbia nchi na kukaa London miaka mingi. Kuzaliwa kwake kuna tarehe, na sidhani ni kwa bahati tu: alizaliwa katika nyumba ya mtu wa kalamu.

Kalamu hiyo ilikuwa imeletwa ufukoni, pamoja na wengine, na mzee mmoja wa UMCA, Archdeacon William Percival Johnson, aliyeanza kuzunguka ziwa lile tangu miaka ya 1880, macho yake yakiwa yamepungukiwa nuru, akihubiri na kusomesha na kutafsiri Maandiko katika Kinyanja, mara kwa merikebu ya misheni, mara kwa miguu. Alizijua Gwendolen na Wissmann tangu zilipokuwa mpya, na makanisa yake yalikuwa pande zote za mpaka. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo wa 1928, miezi miwili baada ya kuzaliwa Kambona, alifariki Liuli, na Liuli ndiko alikozikwa, mbele ya ghuba ile ile.